Ubaki na uani, uingie ubia, au upishe mradi? Ulinganisho kwa mkazi anayeombwa maoni

Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani, ofisi ya serikali ya mtaa, pembeni ya tangazo la chanjo ya watoto. Eneo letu, ambalo tangu nimepata akili lilikuwa rangi moja ya makazi, safari hii lilichorwa mistari, na chini kwenye maelezo ya rangi paliandikwa: matumizi mchanganyiko, biashara na makazi. Mzee mmoja aliweka kidole penye kiwanja chake akauliza, "Hii mistari ndiyo wanavunja?" Kijana wa ofisini akamwambia, "Hapana mzee, hii ni rasimu. Mtaitwa mtoe maoni." Mzee akageuka. "Maoni gani, mwanangu, na wala sijui ninachoulizwa?"

Swali la mzee yule ndilo limenifanya niandike. Mikutano ya namna hii nimeihudhuria. Watu wanasimama mmoja mmoja, wanasema wanataka maendeleo ila wasionewe, wanapigiwa makofi, wanakaa. Muhtasari unaandikwa mstari mmoja: wananchi wameupokea mpango. Hakuna aliyedanganya hapo, ila maoni yasiyotaja kitu hayana pa kuandikwa. Ofisa mipango miji hawezi kuchora "tusionewe". Anaweza kuchora kichochoro kisichofungwa, au fremu za ukubwa wa chumba kimoja.

## Kinachoulizwa ni nini

Kubadilisha matumizi ya ardhi si kubomoa. Ni kuruhusu. Kiwanja kilichopangwa kwa makazi peke yake kinaruhusiwa kubeba duka, ofisi, kliniki au mgahawa, na mara nyingi ghorofa zaidi ya zile za mwanzo. Greda halitakuja kesho yake. Lakini thamani ya ardhi inaanza kupanda, na ikipanda watu wanaanza kubisha hodi: madalali, wawekezaji, na yule ndugu wa Tanga ambaye hajakanyaga nyumba ya marehemu babu kwa miaka 10.

Hapa Dar es Salaam jambo hili lina sababu yake. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi Mei 2016, kwenye njia ya kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, mitaa ya Magomeni, Manzese na Ubungo inatazamwa kwa jicho jingine. Wazo la maofisa mipango miji ni kwamba mtu aishi mahali ambapo kituo, soko, shule na zahanati vyote anavifikia kwa miguu. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Kwa kweli sisi wa Uswahilini tumeliishi kabla halijapewa jina: fremu mbele, vyumba nyuma, fundi cherehani kibarazani, genge kwenye kona. Ninachotaka kujua kwa kila mpango ni kama utayabeba hayo au utayafagia.

Njia ninazolinganisha ni tatu, kwa sababu ndizo zinazotokea hapa mjini. Ya kwanza ni kubaki: mwenye nyumba anaiboresha nyumba yake mwenyewe, anafungua fremu mbele, pengine anapandisha ghorofa moja au mbili. Ya pili ni ubia: mwenye kiwanja anatoa ardhi, mwekezaji anatoa fedha, linasimama jengo refu wanaloligawana. Kariakoo imejengwa upya kwa njia hii, kiwanja kimoja baada ya kingine. Ya tatu ni mradi mmoja wa eneo zima, ambapo mamlaka ya umma inawahamisha watu, inajenga, kisha inawarudisha au inawalipa. Magomeni Kota ndiyo mfano tunaoujua wote. Mpango mmoja unaweza kubeba njia zote tatu, kila moja na upande wake wa mtaa, kwa hiyo usikubali kuambiwa uchague moja kwa mtaa mzima.

Nazipima kwa mambo matano: nani anabaki, chini ya jengo kuna nini, unatembeaje, hati na hela, na usalama wa jengo lenyewe. Ghorofa ngapi sijaliweka. Ndilo swali linaloulizwa kwanza kila mkutano, na kwa maisha ya mtaa ndilo dogo kuliko yote.

## Nani anabaki

Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani nyuma penye choo, jiko na kamba ya nguo. Ndani ya vyumba sita mnaweza kuwemo kaya nne au tano, na mwenye nyumba mmoja wao. Unaposikia "wakazi 300" kwenye karatasi, uliza wamehesabu nyumba au wamehesabu watu, maana wapangaji ndio wengi na ndio wasioandikwa.

Ukibaki, mwenye nyumba haendi popote. Anajenga akipata, anasimama akiishiwa. Wapangaji anawahamisha chumba kwa chumba, na anayemjua kwa miaka mingi humvumilia. Lakini tusijidanganye kwamba njia hii haimtoi mtu. Chumba cha mbele kikigeuzwa fremu, aliyekuwa analala humo anatafuta pengine, na hana wa kumlalamikia. Anaondoka peke yake na kitanda chake juu ya guta, na mtaa hata haujui kwamba umempoteza.

Ubia unawatoa wote kwa pamoja. Wapangaji wanapewa notisi, mwenye nyumba anahamia Mbagala au Chanika wakati wa ujenzi, na jengo likiisha anapata sehemu zake kwa mujibu wa mkataba. Familia nyingi za Kariakoo zimefaidika hivyo: nyumba moja ya tope na saruji imesomesha wajukuu. Sitamlaumu mtu aliyechagua hivyo. Lakini wapangaji hawarudi, kwa sababu chumba cha kulipa kwa mwezi hakipo tena. Na lipo jambo jingine ambalo mtu wa Kariakoo atakueleza bila kuulizwa: ghorofa za juu zilizochorwa kuwa makazi zimegeuka stoo za mizigo. Stoo haina kelele na haidai maji, kwa hiyo ndiyo inayopangishwa. Mpango ulisema biashara chini na makazi juu, jengo likawa biashara chini na biashara juu. Kama kwenu mnaelekea ubia, maoni ya kwanza kuandika ni haya: idadi ya ghorofa za makazi itajwe kwenye kibali, na kuzigeuza stoo kuhitaji kibali kipya kinachotangazwa kama hiki cha leo.

Mradi mmoja una historia inayouma na inayofariji. Kaya 644 za Magomeni Kota zilihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zao zikavunjwa, uwanja ukakaa wazi. Majengo mapya yalizinduliwa Machi 2022. Mtoto aliyeondoka pale akiwa darasa la kwanza alirudi akikaribia kumaliza kidato cha nne, kama familia yake ilivumilia kungoja. Hapo ndipo pa kuuma. Pa kufariji ni kwamba walirudi. Orodha ya zile kaya 644 ilikuwepo, ilijulikana, na watu wenyewe waliishikilia miaka yote ile bila kuchoka. Orodha iliyoandikwa kabla ya tofali la kwanza kutoka ndiyo iliyowarudisha. Kota zilikuwa nyumba za serikali zenye wakazi waliosajiliwa. Mtaa wa nyumba za watu binafsi wenye wapangaji wasio na mikataba hauna orodha kama hiyo, na usipoitengeneza wenyewe hakuna atakayewatengenezea.

## Chini ya jengo kuna nini

Hapa nitakaa kidogo.

Saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda, kuna mama anayekaa kibarazani kwa jirani yetu. Meza yake ni ubao juu ya ndoo mbili. Ana jiko la mkaa, kikaango cheusi, beseni la unga lililofunikwa kitambaa cha maua, na chupa mbili kubwa za chai, moja ya maziwa na moja ya rangi. Wanaokwenda kituoni wanasimama dakika mbili, wanakula wakiwa wima, wanamwachia hela na salamu. Mwenye nyumba hamtozi kodi. Anapata chai yake na mtu wa kumwangalizia mlango. Mtoto wa shule akisahau daftari, linaachwa pale. Mgonjwa wa nyumba ya tatu akihitaji bajaji, yule mama ndiye anayejua nani ana bajaji. Yote hayo yanakaa kwenye kibaraza cha upana wa hatua mbili.

Kibaraza kikiondoka hukiandiki popote, kwa sababu hakikuwahi kuandikwa.

Ukibaki, kibaraza kinabaki. Ndiyo nguvu kubwa ya njia ya kwanza, pamoja na kwamba fremu zake ni ndogo na kodi yake ni ya mazungumzo. Udhaifu wake ni kwamba matumizi mchanganyiko bila orodha humchanganya yeyote na yeyote. Leo fundi cherehani, kesho gereji ya kuchomelea, keshokutwa baa yenye spika mlangoni, na nyuma ya ukuta kuna mtoto anayesoma. Kuunga mkono biashara mtaani si kuunga mkono kila biashara. Omba mpango utaje zinazoruhusiwa kando ya vyumba vya kulala, na saa zake za kufunga.

Kwenye ubia, ghorofa ya chini ndiyo yenye hela, na mwekezaji anaijua thamani yake kuliko wewe. Fremu zinapangishwa kwa kodi ya miezi mingi mbele, na aliyemo akitaka kuondoka anadai kilemba kwa anayeingia. Muuza nyanya haingii hapo. Ndiyo maana unaweza kuzunguka mitaa mitatu ya Kariakoo yenye maduka mamia ya vitenge, simu na mabegi, ukakosa fungu la mchicha hadi ufike sokoni kwenyewe. Mtaa unakuwa na watu mchana kutwa, lakini si watu wa hapo. Ubia unaweza kufanywa vizuri: sehemu ya fremu ziwe za ukubwa wa chumba, mlango uangalie barabara, na chini kuachwe baraza lenye paa. Lakini hayo hayatokei yenyewe. Yanatokea yakiandikwa.

Kwenye mradi mmoja, hatari ni tofauti. Majengo ya makazi ya umma mara nyingi huachiwa chini pawe maegesho, bustani na uzio. Panakuwa safi, na pasipo mtu. Muuza chapati anajikuta nje ya geti, akifukuzwa kila wiki na kurudi kila wiki. Kwa upande mwingine, ni mradi mkubwa tu unaoweza kutenga soko dogo la kweli, lenye maji, choo na meza za mama lishe, kwa sababu una ardhi yote mkononi. Kiwanja kimoja cha ubia hakiwezi hilo hata mwenyewe akiwa na moyo mweupe.

## Unatembeaje

Mtaa wa kutembea si mtaa usio na magari. Ni mtaa ambao bibi mwenye mkongojo anaweza kwenda zahanati na kurudi bila kushuka mtaroni.

Njia ya kwanza ina vichochoro, na vichochoro ni utajiri. Kutoka uani kwetu hadi kituoni ni dakika 10 kwa kukata kati ya nyumba. Kwa barabara kubwa ni zaidi ya mara mbili. Lakini vichochoro hivyo havipitishi gari la zimamoto, vingine havipitishi hata jeneza bila kuliinamisha, na mvua za masika zinavigeuza mito. Kuvipanua kunamega kibaraza cha mtu. Hilo lizungumzwe waziwazi, na anayemegwa alipwe.

Ubia huleta magari, mikokoteni na jenereta bila kuleta njia ya miguu, kwa kuwa kila mwenye kiwanja anajenga hadi mpaka wake na hakuna anayejenga kilicho katikati. Yeyote aliyepita Kariakoo siku za kuelekea Idi anajua watu wanatembea wapi: katikati ya barabara. Pale panapohitajika njia ya watembea kwa miguu, mtaro wenye mfuniko na mti wa kivuli, omba kila jengo jipya lirudi nyuma hatua kadhaa kutoka mpaka wa barabara, na nafasi hiyo iwe ya umma kwa maandishi.

Mradi mmoja unaweza kukupa vyote kwa mara moja, uwanja wa watoto, miti, kivuko cha pundamilia, na unaweza pia kufunga njia ya mkato iliyotumika miaka 60. Majumba marefu ya Michenzani kule Unguja, yaliyojengwa miaka ya 1970, yalipita moja kwa moja juu ya mitaa ya Ng'ambo, na mpaka leo mtu anaweza kukuonyesha njia gani ilikuwa inapita wapi. Ndiyo maana nilifurahi kuona kwamba mpango mpya wa Ng'ambo, ulioandaliwa miaka ya 2010, ulianza kwa kuwauliza wakazi mahali wanapopathamini: mabaraza, viwanja vya mpira, maeneo ya kukutania. Fanyeni hivyo kwenu hata kama hamjaombwa. Chukueni karatasi, watoto wa darasa la sita wanaweza, mchore kila njia ya mkato na kila baraza.

## Hati na hela

Ukibaki, unatumia akiba yako, kikoba, na fedha ya mtoto aliye kazini. Ni polepole lakini hudaiwi na mtu anayeweza kuichukua nyumba. Kinachohitajika ni kibali cha ujenzi na karatasi ya ardhi inayoeleweka. Kama mnayo leseni ya makazi tu, jueni kwamba hiyo ni ya muda. Fuatilieni hati kabla mpango haujapita, maana ukishapita foleni itakuwa ndefu.

Ubia unasimama au kuanguka kwenye mkataba. Nimeona familia ikisaini "asilimia 30 ya jengo" na baadaye ikapewa asilimia hiyo yote ghorofa za juu kabisa, bila fremu hata moja. Taja ghorofa kwa namba, taja fremu kwa upande, taja tarehe ya kukabidhiwa na nini kinatokea ujenzi ukikwama ghorofa ya nne. Wakili na mthamini wako wawe wako, usipewe na mwekezaji. Nyumba ya mirathi isainiwe na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa kwa sababu ndiye mkubwa. Na kama ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka ridhaa ya mwenzi kabla haijauzwa wala kuwekwa rehani. Wanawake wengi hawalijui hili mpaka siku ya kuhama. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, kwa hiyo dai hati za sehemu zako, usikubali barua.

Mradi mmoja, ukihusisha kutwaa ardhi, unaleta fidia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za 2001 zinafafanua: pamoja na thamani ya ardhi na majengo kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya soko ya miezi 36, usafiri wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na faida ya biashara iliyopotea kwa miezi 36. Soma hilo la mwisho mara mbili kama una duka. Faida inathibitishwa kwa hesabu. Asiye na daftari hana faida mbele ya mthamini, hata kama anauza tangu alfajiri. Anza kuandika leo.

Na mahali pa fidia ya fedha, uliza kama kuna fidia ya nyumba palepale. Fedha ya kiwanja cha katikati ya mji hainunui kiwanja kingine cha katikati ya mji.

## Usalama wa jengo

Hili ni fupi lakini halina mjadala. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na watu 36 wakafa. Novemba 16, 2024 ghorofa likaanguka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Njia zote tatu zina hatari yake. Anayebaki hupandisha ghorofa juu ya msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini. Mbia anataka kuongeza fremu za chini ya ardhi kando ya nyumba ya jirani ambaye hakuulizwa. Mradi mkubwa una wahandisi, lakini lifti zikiharibika na gharama za pamoja hazijulikani nani anazilipa, mgonjwa wa ghorofa ya saba anakuwa mfungwa. Halafu majitaka: shimo la choo cha uani lililotosha kaya tano halitoshi kaya 40. Pasipo bomba la majitaka, ghorofa zisipande. Andika hivyohivyo.

## Njia gani inamfaa nani

Mwenye nyumba mzee, hati safi, anaishi humo na anataka kufia humo. Kubaki kunakufaa kuliko vyote. Maoni yako yawe kwamba mpango uruhusu matumizi mchanganyiko kwa nyumba za ghorofa moja na mbili pia, usiweke kiwango cha chini cha ghorofa kinachokulazimisha kujenga usichokiweza.

Warithi wengi, nyumba moja, hakuna anayeishi humo. Ubia unaweza kuwa njia ya amani, maana ghorofa zinagawanyika kirahisi kuliko vyumba sita. Malizeni mirathi kwanza. Mwekezaji anayewaharakisha kabla ya mirathi kuisha anawaharakisha kwa faida yake.

Mpangaji wa chumba. Hakuna njia inayokulinda yenyewe. Mradi mmoja wenye orodha ya wakazi ndio unaoweza kukurudisha, ukiandikwa. Kubaki ndiko kunakokupa muda mrefu zaidi kabla ya kodi kupanda. Nenda mkutanoni. Huna hati, lakini ni mkazi wa mtaa, na mkutano wa mtaa ni wa wakazi. Beba risiti za kodi, au barua ya mjumbe inayoonyesha umekaa tangu lini, na dai wapangaji waorodheshwe sawa na wenye nyumba.

Mwenye fremu. Ubia utakuletea wateja na utakupandishia kodi. Kama biashara yako ni ya jumla na mtaji upo, utakuwa sawa. Kama unauza kwa wakazi, mchele, mkaa, dawa, wateja wako ni wale wapangaji. Wakiondoka wao, duka linaondoka nyuma yao. Maoni yako na yao yawe barua moja.

Mama lishe, muuza genge, fundi wa kibarazani. Ninyi ndio mtaa wenyewe, na ndio msiokuwepo kwenye ramani. Kwenye mradi ombeni soko dogo ndani ya eneo, si nje ya geti. Kwenye ubia ombeni baraza la chini na fremu ndogo. Njooni wengi, na mtaje idadi yenu.

Mnaokaa bondeni, panapojaa maji. Kwenu kubaki si sawa na kubaki kwa walio juu. Anayepandisha ghorofa kwenye njia ya maji anaongeza watu kwenye hatari. Mradi wa pamoja, au kuhamia sehemu ya juu ya mtaa huohuo, unastahili kufikiriwa kwa makini hata kama moyo unakataa.

Mtaa ulio na kila aina ya watu hawa, na mingi iko hivyo, uombe mchanganyiko: kando ya barabara kuu ya mwendokasi ubia wenye masharti, ndani nyumba za uani zibaki na fremu zake, na mahali penye ardhi ya umma mradi mdogo wa nyumba za kupangisha kwa ajili ya wanaotolewa.

## Mkutanoni au kwa barua

Mkutano unafaa kuonyesha idadi na kusikia wengine wanasema nini. Pale ndipo utajua kama jirani yako ameshasaini na mwekezaji. Ukisimama, taja jambo moja tu, na useme unaomba liandikwe kwenye muhtasari, kisha usubiri usomewe.

Barua inafaa kwa yote mengine, hasa kwa mama ambaye saa ya mkutano ndiyo saa ya biashara, na kwa kijana asiyependa kuongea mbele ya wazee. Angalia tarehe ya mwisho kwenye tangazo. Andika namba ya kiwanja au jina la njia, useme unaomba nini kibadilishwe kwenye rasimu, ukurasa mmoja unatosha. Chapisha nakala mbili. Moja waachie ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa "imepokelewa" pamoja na tarehe, uirudishe nyumbani, uiweke kwenye bahasha moja na hati au risiti zako za kodi.